Grzimek na Msiba wa Mwanawe

Ukitoka Karatu kwenda Ngorongoro, unapita lango la Lodoare, kisha unapanda mlima wenye msitu. Juu, kwenye ukingo wa Kreta, kuna kaburi la mawe. Hapo wamezikwa baba na mwanawe. Baba aliitwa Bernhard Grzimek. Mwana aliitwa Michael.

Bernhard Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1909. Alisomea uganga wa wanyama. Mwaka 1945 akawa mkuu wa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Michael alipokua, walifanya kazi pamoja. Wote wawili walijifunza kurusha eropleni.

Mwaka 1958 walikuwa Serengeti. Eropleni yao ndogo ilipakwa rangi ya punda milia. Wakiwa angani walihesabu nyumbu, punda milia na swala. Walitaka kujua wanyama wanahamia wapi. Pia walipiga picha za sinema.

Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alikuwa akirusha eropleni peke yake. Aligongana na tumbusi. Eropleni ikaanguka, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Kumzika mtoto ni uchungu mkubwa. Mara nyingi uchungu huo huzaa hasira. Mfiwa hutafuta wa kumlaumu: jirani, ndugu, au nafsi yake mwenyewe. Lakini hapa alikuwa ndege tu, asiyejua lolote.

Grzimek angeweza kuondoka asirudi tena. Hakufanya hivyo. Alimaliza kazi waliyoianza wawili. Mwaka ule ule wa 1959 kitabu na sinema vilitoka. Jina lake lilikuwa na maana kwamba Serengeti isife. Mwaka 1960 sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani.

Si wote waliokubaliana naye. Yeye alitaka hifadhi isikaliwe na watu. Miaka ile Wamasai wa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Kuacha makwao kulikuwa msiba wao pia.

Grzimek aliendelea kurudi Tanzania na kutetea wanyama wa porini. Alifariki mwaka 1987, miaka 28 baada ya Michael. Majivu yake yalizikwa kando ya mwanawe.

Kazi haifuti huzuni, lakini humsaidia mfiwa kuibeba. Tena huzuni haiishi siku ya kuondoa matanga. Mfiwa aachwe alie. Mwanamume naye aachwe alie. Azungumze na mtu anayemwamini. Asikimbilie pombe, kwani pombe ikiisha kichwani uchungu hurudi. Majirani waendelee kumtembelea hata baada ya mazishi. Akikosa usingizi na chakula kwa muda mrefu, au akisema anataka kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe zahanati au hospitali upesi.

Maswali ya kujadili
1. Grzimek alifanya nini baada ya kufiwa?
2. Kwa nini mfiwa hutafuta wa kumlaumu?
3. Hapa kijijini, nani humtembelea mfiwa baada ya matanga?