Geoffrey Milne: Mkemia aliyeusoma udongo wetu kama mnyororo

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

MWANAFUNZI yeyote wa kilimo, awe Makerere, Sokoine au Nairobi, lazima siku moja akutane na neno katena. Ni neno la Kilatini na maana yake ni mnyororo. Leo linatumika duniani kote, kuanzia Brazil hadi Australia, lakini lilizaliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Aliyeliingiza katika elimu ya udongo ni mkemia wa Kiingereza, Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Alifariki mwaka 1942. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958, miaka 16 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, ndugu msomaji, maisha ya mtu huyu yanawahusu sana wakazi wa Misiera. Yanamhusu anayejiandaa kurudi kwao akakabidhiwe kipande cha ardhi, na yanamhusu pia mfanyabiashara anayevusha ndizi na maharage Kikagati, Murongo au Mutukula. Wote hao wanaishi kwa udongo, hata kama hawashiki jembe.

Kahawa iliyowashinda Wajerumani

Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kiliangukia mikononi mwa Waingereza, nao wakakifufua katika miaka ya 1920 ili kiwe kituo cha utafiti wa kilimo kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Milne alifika mwishoni mwa miaka hiyo akiwa mkemia wa udongo.

Tusifiche ukweli: serikali ya kikoloni haikumleta kwa ajili ya mkulima mdogo. Ilitaka kujua ni wapi katani, kahawa na pamba vingeleta faida. Lakini kazi ya mtafiti makini mara nyingi huvuka mipaka ya aliyemtuma, na ndivyo ilivyokuwa kwa Milne.

Fumbo la kwanza alilikuta mlangoni pake. Misitu ya Usambara Mashariki ni minene, miti yake ni mirefu na kijani chake hakikatiki. Walowezi wa Kijerumani walipoiona katika miaka ya 1890, waliamini kwamba msitu mzuri namna ile lazima umesimama juu ya udongo wenye rutuba. Wakafyeka na kupanda kahawa. Miaka michache ilikuwa mizuri, kisha mibuni ikadhoofika na mashamba mengi yakaachwa.

Mwaka 1937 Milne aliandika makala iliyoeleza kisa hicho. Udongo wa Usambara Mashariki umeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka hadi chakula cha mimea kikapungua sana, na kilichobaki kwa wingi ni chuma na alumini. Utajiri wa msitu ulikuwa juu, kwenye majani yanayoanguka na kuoza, na mizizi ilikuwa ikiurudisha mtini kabla mvua haijauzamisha. Aliyefyeka msitu aliuvunja mzunguko huo, na rutuba ikaondoka nao.

Wataalamu wa leo wanaongeza jambo jingine. Katika udongo wenye asidi nyingi, alumini huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi. Mboji, yaani ule weusi unaotokana na majani na samadi iliyooza, huikamata alumini hiyo na kuifunga isidhuru. Mboji ikiisha, alumini inabaki huru. Mchai ni miongoni mwa mimea michache inayoivumilia alumini, na ndiyo maana chai imestawi katika milima ile ile iliyoishinda kahawa.

Ramani na mnyororo

Mwezi Mei 1932 wakemia wa udongo wa nchi zetu walikutana Amani kwa mara ya kwanza. Walikubaliana kutengeneza ramani moja ya udongo wa Afrika Mashariki nzima, na Milne ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa kuiunganisha. Aliandikiana na wenzake, akiwemo W. S. Martin wa Uganda, na V. A. Beckley na G. H. Gethin Jones wa Kenya.

Hapo wakakwama. Ukienda Buganda, Ankole au Usukuma, udongo haubadiliki wilaya kwa wilaya, bali unabadilika ndani ya kilima kimoja. Juu kuna mawe na changarawe nyekundu. Ubavuni kuna udongo mwekundu wa kina. Chini kidogo rangi inafifia na kuwa ya kahawia au kijivu. Bondeni kabisa kuna udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kisha unapanda kilima cha pili na kuyakuta yale yale kwa mpangilio ule ule. Ramani ndogo ya karatasi ingeyaonyeshaje hayo?

Jibu la Milne, alilolitoa mwaka 1935, lilikuwa rahisi: msichore kila udongo peke yake, choreni mnyororo mzima. Udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni ni pete za mnyororo mmoja ulioning'inia kati ya vilima viwili. Kinachoziunganisha pete hizo ni maji yanayoshuka, yakibeba chembe za udongo na vitu vilivyoyeyuka. Ramani hiyo ilitoka mwaka 1936, na neno katena likaanza safari yake duniani.

Wakulima wetu hawakuwa gizani kabla ya hapo. Wasukuma, kwa mfano, wana majina ya udongo kwa kila hatua ya mteremko: luseni ya mchanga juu, itogolo na ibambasi chini yake, na mbuga bondeni. Mkulima alijua mtama uende wapi na mpunga uende wapi. Alichofanya mkemia ni kuieleza kwa lugha ya maabara sababu ya mpangilio ambao jembe lilikuwa limekwisha kuutambua. Neno mbuga lenyewe limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya udongo likiwa vile vile.

Chuma kinachotembea

Mnyororo huo unaonekana wazi katika vilima vya Isingiro vinavyolizunguka Ziwa Nakivale. Wanaochimba visima au kuchota maji kwenye mabonde wanaufahamu, ingawa huenda hawajui jina lake.

Juu ya kilima kuna hewa ya kutosha ardhini, na chuma kinakaa hali ya kutu. Wekundu ule ni kutu tupu, nayo haiyeyuki. Bondeni mambo ni tofauti. Mafunjo na majani yanaoza ndani ya maji yasiyo na hewa. Vijidudu vinavyoyala majani hayo vinahitaji oksijeni, na vikiikosa huigeukia kutu na kupumua kwa kuitumia hiyo. Chuma kinayeyuka, kinapoteza rangi na kuanza kutembea na maji.

Ndiyo sababu maji ya kisima yanaweza kutoka meupe kabisa, kisha baada ya saa moja yakawa mekundu ndani ya ndoo. Chuma kilichokuwa kimeyeyuka kimekutana na hewa na kurudi kuwa kutu. Utandu unaong'aa kama mafuta juu ya maji ya kinamasi mara nyingi unatokana na jambo hilo hilo. Uguse kwa kijiti: ukipasuka vipande kama kioo, ni chuma, na ukirudi kuungana, huenda ni mafuta kweli.

Kina mama wanaopika kwa maji hayo wameona chai ikiwa nyeusi kama wino. Majani ya chai yana tanini, na tanini ikikutana na chuma huungana nacho na kuleta weusi. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyo. Aidha, nguo nyeupe zikifuliwa kwa maji hayo huambukizwa madoa ya kutu yasiyotoka kwa sabuni.

Hata shabu inayosafisha maji ya ziwa au ya mto Rwizi hufuata kanuni ya namna hiyo. Shabu ni chumvi ya alumini. Ikitiwa majini inakamata matope na weusi wa majani yaliyooza, vinakuwa mabonge na kuzama. Alumini ile ile inayoua mzizi Usambara, hapa inatumikia binadamu.

Kibanja na rweya

Kazi ya Milne inayotugusa zaidi ni ile aliyoiandika mwaka 1938 kuhusu Bukoba, ng'ambo ya mto Kagera kutoka Isingiro. Huko aliona jambo la kushangaza. Mvua ni nyingi mno, udongo umeoshwa hadi umechakaa, na mbuga ya nyasi inayoitwa rweya haizai karibu chochote. Lakini katikati ya rweya kuna vibanja vya migomba vyeusi, vinene, vinavyolisha familia kizazi baada ya kizazi.

Mtu angesema kwamba wazee wa Kihaya walichagua sehemu zenye udongo mzuri. Milne alionyesha kwamba hapo mwanzo udongo ulikuwa ni ule ule. Tofauti iliyopo ilitengenezwa na watu. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani kutandikwa na kufunika shamba. Ng'ombe walichunga rweya na samadi yao ikabaki kibanjani. Maganda, majivu na takataka za jikoni vyote viliishia kwenye migomba.

Kemia yake ni hii. Udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi hushikilia fosforasi kwa nguvu, hata mbolea ya dukani ikitiwa, sehemu kubwa hunaswa kabla mmea haujaipata. Mboji inakwenda kukaa mahali pale pale ambapo fosforasi ingenaswa, na hivyo kuiachia mimea.

Nchi hiyo hiyo ya Wahaya ilijua ndoa ya chuma na mimea kwa njia nyingine pia. Mwaka 1978 watafiti wa Kimarekani Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza matokeo ya uchunguzi wa tanuri za kale za kuyeyushia chuma katika eneo hilo, baadhi zikiwa na umri wa miaka 1,500 na zaidi. Wahunzi walichoma nyasi za kinamasi ndani ya tanuri kabla ya kutia mawe ya chuma.

Kifo na urithi

Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 Milne alifanya safari ndefu ndani ya Tanganyika, akichimba mashimo na kuandika alichokiona kila alipopita. Hakuishi hadi kuuona mwandiko huo kitabuni. Taarifa ya safari ilichapishwa mwaka 1947, miaka 5 baada ya kifo chake.

Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliingia porini kwa haraka kabla udongo haujachunguzwa inavyostahili. Kiangazi kilipofika, ardhi ya Kongwa iligeuka ngumu kama saruji na kuvunja vyuma vya mashine. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Lile somo la kahawa ya Usambara, kwamba uoto wa juu hausemi kila kitu kuhusu ardhi ya chini, lilikuwa limeandikwa miaka 10 kabla.

Kwa anayerejea nyumbani, maisha ya Milne yanaacha funzo la wazi. Ukipewa ardhi, usiridhike na uzuri wa kichaka kilichoota juu yake. Itembee kutoka kileleni hadi bondeni, chimba shimo lenye kina cha jembe mbili au tatu katika kila hatua, tazama rangi na ulinganishe. Waulize majirani waliobaki udongo huo wanauitaje, kwa kuwa jina la kienyeji mara nyingi limebeba uzoefu wa miaka mingi. Na usichome mabua na majani, maana ni kuichoma ile mboji inayokulinda dhidi ya alumini.

Kwa mfanyabiashara nalo lipo. Kila mkungu unaopakiwa Isingiro kwenda Mbarara, Kampala au ng'ambo ya mpaka unaondoka na sehemu ya shamba, hasa potasiamu ambayo mgomba huila kwa wingi. Zamani maganda yalirudi kibanjani. Siku hizi yanaozea kwenye majalala ya mjini, na lori linarudi tupu. Shamba lisiporudishiwa kitu litachoka, na likichoka mwenye lori naye hana cha kupakia.

Kibanja cha Bukoba kilijengwa na watu wa kawaida, kapu kwa kapu, juu ya udongo ambao mvua ilikuwa imeumaliza. Milne alikiona, akakipima na kueleza kwa nini kinafaulu. Kinachobaki ni hesabu ya mwenye shamba na mwenye lori: nani atalipia kapu la kurudi.