Krapf na Mlima Uliofichwa na Mawingu

Juma hili nimepewa nafasi niandike juu ya uwezo wa Mungu usio na mipaka. Nimeona nipitie maisha ya mtu aliyeuona mlima wetu kwa mbali: mmishenari Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa Derendingen, Ujerumani, mwaka 1810. Baada ya kutumika Ethiopia, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mja mzito. Julai mwaka huo huo homa ikawaangusha wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki siku chache baadaye, na mtoto naye akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Sasa hapo ndipo swali huuma. Huyu alikuwa mtu wa maombi, na alikuwa kwa kazi ya Bwana. Je, Mungu hakuweza, ama hakutaka? Hata hapa Githongo kuna akina mama waliozika watoto, halafu mtu akaja kwa kilio, kikombe cha chai mkononi, akawaambia ati imani yao ilikuwa ndogo. Mimi nasema maneno kama hayo ni kuzika mara ya pili.

Kuna wanaouliza kama Mwenyezi anaweza kuumba jiwe asiloweza kuliinua. Thomas Aquinas alilijibu swali la namna hiyo zamani: maneno yanayojipinga yenyewe si kazi iliyomshinda Mungu, kwa sababu hayo si kazi kabisa. Ndiyo maana Waebrania 6:18 inatufundisha kwamba Mungu hawezi kusema uongo, na bado tunamwita Mwenyezi. Huo si upungufu. Uwezo wake hautengani na utakatifu wake, na hakuna kinachoweza kumzuia kutimiza kusudi lake.

Lakini yako mengine tunayaita hayawezekani kwa sababu tu hatujayaona. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliona Kirimaara ikiwa na weupe juu. Mwenzake Rebmann alikuwa ameona Kilimanjaro mwaka 1848. Msomi mmoja wa London, Cooley, alikataa kabisa habari ya theluji karibu na ikweta. Hakuwa amefika huku. Alipima yanayowezekana kwa yale aliyoyajua. Joseph Thomson alikuja kuuona mlima mwaka 1883, na Krapf alikuwa ameshafariki mwaka 1881.

Sisi wa Githongo tunaelewa vizuri. Ukungu unaweza kuficha mlima wiki nzima, na hakuna mtu husema umehama. Mito bado inashuka, majani chai bado yanachumwa. Vivyo hivyo, tukikosa kuona sababu ya Mungu, hiyo haithibitishi kwamba hana sababu, wala kwamba mkono wake umekuwa mfupi. Kati ya kutoweza na kutojali kuna njia ya tatu: anaweza, anajali, na ana kusudi ambalo kutoka hapa tuliposimama halionekani.

Krapf hakupewa maelezo ya kaburi lile. Alilia kama mtu yeyote, kisha akaiandikia misheni yake kwamba kaburi hilo ni alama kuwa kazi imeanza. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakafungua kituo Rabai. Akatafsiri Maandiko, mwaka 1850 akatoa sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, yeye akiwa hayupo tena.

Kwa hivyo, mpendwa, endelea kuomba uponyaji bila woga, maana Mungu anaweza. Na ukienda kumfariji aliyefiwa juma hili, beba unga na sukari, mteke maji, kaa naye. Usimpigie hesabu ya imani yake. Mwenyezi hahitaji tumtetee kwa kumuumiza aliyefiwa.

Amina.