Shekhar Mehta na Paa la Datsun

Eldas ni miongoni mwa miji midogo ya Wajir ambayo mgeni wa kutoka pwani huifikia akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake, kama la El Wak na mengineyo ya pande zile, laanza na neno ambalo kwa Kisomali ni kisima, na kwa hakika maji ndiyo mazungumzo ya kwanza na ya mwisho kule. Habari za magari huja nyuma sana. Hata hivyo, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi katika hoteli moja nikinywa chai ya maziwa ya ngamia, nikawasikia vijana watatu wakibishana juu ya picha mbili zilizokuwamo ndani ya simu.

Ami yake mmoja wao hufanya kazi Ghuba, naye alikuwa ameahidi kumnunulia mpwa wake gari la mbio lililotumika. Picha ya kwanza ilikuwa ya gari ambalo paa lake latolewa kwa mikono na kuwekwa nyuma, mwenye gari akaenda akipigwa na upepo. Ya pili ilikuwa ya gari lile lile, umbo lile lile na injini ile ile, ila paa lake limeunganishwa na bodi daima dawamu. Wawili walilitaka la kwanza, na mwenye ami alikuwa bado amesitasita. Walipochoka kubishana walimgeukia mzee mmoja aliyekuwa amejiegemeza ukutani, wakimwita adeer kwa heshima, wakamwuliza yeye angechagua lipi. Mzee akasema kwamba wamwulize Mehta. Vijana wakatazamana. Hawakumjua Mehta ni nani.

Mimi nilimjua, na msomaji wangu mwenye umri wa kukumbuka redio za betri bila shaka amjua. Zamani kila ilipofika Pasaka, Waislamu na Wakristo sote tulikuwa na shughuli moja: kutega masikio kwenye Sauti ya Kenya tujue nani ametangulia katika Safari. Watoto wa Mombasa walipanda juu ya miembe kuyangoja magari yakiteremka kutoka bara, na aliyerushiwa tope nguo zake zote alitembea mtaani kama aliyerudi kutoka Hija. Yaonekana hata huko Eldas redio ilifika.

Hayati Shekhar Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni, 1945, katika familia ya Kihindi ya wenye mashamba. Alianza mashindano ya magari akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Safari yenyewe ilikuwa na umri mdogo kuliko yeye, kwani ilianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wakati ule haikuwa mbio za kwenye uwanja. Dereva alipewa muda wa kufika kituo fulani, na kila dakika aliyochelewa aliandikiwa adhabu. Njia zilikuwa hizi hizi za basi na ng'ombe, na majira ya Pasaka ni majira ya masika. Kwa hiyo mtu aliweza kuondoka Nairobi katika vumbi akafika mlimani katika tope la kufika magotini.

Katika Safari ya mwaka 1971 Mehta alipata gari lililomtia katika midomo ya watu, nalo ni Datsun 240Z. Hapa naomba ruhusa nikae kidogo, maana swali la vijana wa Eldas limo ndani ya gari hili.

Kabla yake, kampuni ya Nissan ilikuwa ikiuza gari la mbio la wazi lililoitwa Fairlady, ambalo juu lilikuwa na turubai tu. Huko Amerika, ambako Nissan ilitaka soko, mkuu wa biashara yake aliyeitwa Yutaka Katayama alidai gari jipya lenye nguvu zaidi. Wakati huo huo ulienea uvumi kwamba serikali ya Marekani ingeyakataza magari ya wazi kwa sababu ya hatari yake yanapopinduka. Kila kampuni ilitafuta hila yake. Porsche mwaka wa 1965 walionyesha gari waliloliita Targa, ambalo sehemu ya juu hutolewa lakini nyuma ya vichwa vya abiria husalia pao nene la chuma kama mpini wa kikapu. Nissan wao waliamua kuliezeka kabisa. Gari lililotoka mwaka wa 1969 lilikuwa na silinda sita kwa safu moja, injini ya lita 2.4, uzito wa yapata tani moja, pua ndefu kama ya papa, na paa la chuma lisilotoka.

Wengi hudhani paa la gari ni la kuzuia mvua. Si hivyo. Chukua sanduku la mbao lisilo na kifuniko, ulishike pembe mbili zinazokabiliana, ulisokote. Litalegea mkononi mwako. Kisha ligongomelee kifuniko, ulisokote tena, uone kama litakubali. Gari la kisasa halina fremu nzito chini yake kama lori. Bodi lenyewe ndilo mifupa, na paa ni mojawapo ya mifupa hiyo. Fundi akiliondoa hana budi kuongeza chuma sakafuni ili afidie, na gari huwa zito. Pamoja na uzito huo bado lajinyonga kidogo kila gurudumu moja linapoingia shimoni. Katika barabara ya lami ya Dubai mwenye gari hatalijua jambo hilo maisha yake yote. Katika njia ya kutoka Eldas kwenda Wajir atalijua kabla ya adhuhuri: milango italia, mpira wa kuzuia maji utaachia, na vumbi litaingia pale paa linapokutana na kioo. Nao Porsche, ambao Targa ilikuwa mali yao, walipokuja katika Safari walikuja na magari ya paa lisilotoka. Hata hivyo hawakushinda. Mwaka wa 1974 na wa 1978 walitoka wa pili.

Sisemi kuwa paa la kudumu halina taabu. Ndani ya 240Z kulikuwa na joto la tanuri, na hewa haikuwa nyingi. Ndiyo sababu magari ya mashindano huwekwa kitundu cha hewa juu ya paa, ili upepo uingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje. Lakini kutoboa kitundu ni jambo moja, na kuling'oa paa zima ni jambo lingine.

Basi mwaka huo wa 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z, na Mehta akawa wa pili kwa gari kama hilo hilo, akiwa na msaidizi wake Mike Doughty. Kila mtu akaona kwamba zamu yake i karibu.

Ilipofika Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kuwa Waasia watoke Uganda, akawapa siku 90. Familia ya Mehta nayo ikaiacha nchi na mashamba ikahamia Kenya. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa sana maana ya watu kufunga milango yao na kuondoka na masanduku. Tumeyaona Unguja na tumeyaona kwingineko. Alikuwa kijana wa miaka 27, na nchi iliyomzaa haikumtaka tena.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, aliingia katika Safari na 240Z, msaidizi wake safari hii akiwa Lofty Drews. Ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio hizi, kwa hiyo macho ya Ulaya yalikuwa huku. Mwishoni likatokea jambo la ajabu. Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun 1800 ya milango minne, walikuwa na adhabu sawasawa. Baada ya maelfu ya kilomita hapakuwa na hata dakika moja kati yao. Ikabidi kanuni ifunguliwe, nayo ikasema kwamba mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi bila ya kuandikiwa adhabu yoyote. Huyo alikuwa Mehta.

Jambo hili mimi hulipenda kuliko ushindi wake wowote mwingine. Gari la mbio lenye silinda sita na gari la kupelekea watoto shule yalifika pamoja, na aliyepewa kombe alipewa kwa kutochelewa mapema. Kampuni yenyewe nadhani ilijifunza, kwani baadaye iliiacha Z. Mehta alipewa magari ya kawaida ya milango minne, 160J na kisha Violet GT, masanduku matupu ukiyatazama kwa macho ya kijana, na akiwa na Doughty alishinda nayo mwaka wa 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne kwa mfululizo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Rauno Aaltonen wa Finland, dereva hodari mno, alimfuata wa pili mwaka wa 1980 na wa 1981. Mwaka wa 1982 aliyemfuata ni Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia.

Z nayo huko Amerika ilichukua njia yake. Mwaka wa 1980 toleo lake jipya, 280ZX, lilianza kuuzwa na vibao viwili vya paa vya kutolewa, katikati pakiwa pamebaki mhimili mmoja. Lilipendwa sana na watu wa kando ya bahari.

Katika mashindano ya nchi nyingine Mehta aliwahi kusomewa njia na mkewe Yvonne, na mwaka wa 1981 walitoka wa pili Argentina. Mwaka wa 1987, katika mbio za Mafirauni jangwani Misri, alipata ajali mbaya sana, na udereva wake wa mashindano ukaishia pale. Hakuondoka katika mchezo. Alikaa mezani na wakubwa wa FIA, akaiongoza kamati yao ya mbio hizi. Alifariki London tarehe 12 Aprili, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mashindano ya 2002, naye hakujaliwa kuiona ikirudi mwaka wa 2021.

Mengi ya haya niliwaeleza vijana wale hotelini, na mzee akanisahihisha mahali pawili. Yule aliyelipenda gari la wazi aliuliza kama haiwezekani kulitoa paa usiku tu, baada ya isha, jua likiwa limetua na upepo ukivuma. Mzee akamjibu kuwa usiku ndipo fisi na ngamia huwa barabarani. Mwenye ami alikuwa ameinama juu ya simu yake, akitafuta bei ya lile la paa la chuma.