Hans Cory: Mtu Aliyewasikiliza Waganga wa Usukumani



Katika likizo iliyopita tulifuatana na katekista kumtembelea mama mgonjwa katika kijiji kimoja nje ya mji wa Bariadi. Shingoni alivaa rozari. Kando ya mto wake kulikuwa na chupa ya dawa ya mizizi na kifurushi kidogo kilichoshonwa kwa kitambaa cheusi. Tulipouliza ni dawa gani, mama alivifunika kwa khanga akaanza kuzungumzia mvua. Tulisali, tukaaga. Njiani katekista alitueleza kwamba familia nyingi hufanya hivyo: asubuhi kwa padre, jioni kwa nfumu, na kila upande haupewi habari za upande wa pili.

Sisi ni wazaliwa wa huku na tunazungumza lugha moja na mama huyo, lakini hakutuambia kitu. Hapo ndipo tulipomkumbuka mgeni mmoja ambaye waganga wa Kisukuma walimweleza mengi, nasi tukaona inafaa mafrateri na waamini wamjue.

Hans Cory alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, na jina la ukoo wake lilikuwa Koritschoner. Huku Tanganyika alifanya kazi katika mashamba ya mkonge, na muda wake wa ziada aliutumia kuhudhuria ngoma, kuuliza maana ya nyimbo na kukusanya mimea ya dawa. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikutana naye katika safari yake ya uwindaji, kisha akamweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1935 kwa jina la Kandisky, Mzungu anayependa kuongea na asiyechoka kuchunguza ngoma za wenyeji.

Mwaka 1936 Koritschoner alichapisha huko Uingereza makala kuhusu ngoma ya sheitani. Wakati huo wageni wengi waliziita ngoma za pepo ushenzi au udanganyifu. Yeye aliziangalia kama tiba ya watu waliosumbuka nafsini. Katika ngoma za namna hiyo mgonjwa hufukizwa, hunyweshwa dawa, hupigiwa ngoma usiku kucha, na ndugu zake humzunguka. Swali linalobaki kwa mwanafalsafa ni hili: kinachombadilisha ni mmea, ni mdundo, ni imani yake, au ni ile hali ya kutoachwa peke yake?

Katika miaka ya 1940 alikuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, na sasa aliandika kwa jina la Cory. Usukumani alipata kazi kubwa ya maisha yake. Mwaka 1946 aliandika juu ya Buyeye, chama cha siri cha wacheza nyoka, ambao sisi tumewaona tangu utoto kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Watazamaji huona mtu anacheza na chatu au swila. Cory aliona pia shule: mwanachama hufundishwa kumkamata nyoka, kuijua mimea na kumtibu aliyeumwa. Mwaka 1953 alitoa kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya Bayeye. Mwaka 1955 aliandika juu ya Buswezi, chama cha mizimu.

Makala yake inayotuhusu zaidi ni ya mwaka 1949, kuhusu viungo vya dawa za waganga. Humo tunajifunza kutenganisha vitu viwili vinavyokaa katika chungu kimoja. Kwanza kuna majani, magome na mizizi. Pili kuna kitu kinachoongezwa kwa sababu ya maana yake: jina lake au umbo lake hufanana na jambo linalotafutwa. Nfumu huviona kama dawa moja. Mwanafunzi wa falsafa hana budi kuvitenganisha. Mmea hufanya kazi kwa asili yake, awe anayeunywa ni Mkristo au mpagani. Upo unaotuliza maumivu, upo unaolewesha akili, upo unaoua, na mara nyingi kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini. Kwa hiyo mzizi wenyewe si dhambi. Swali la imani linaanza pale mtu anapokabidhi tumaini lake kwa kifurushi, au anapoambiwa kwamba ugonjwa wake umetumwa na jirani.

Swali hilo si la darasani tu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga baada ya kutajwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, nayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi jikoni. Anayesema mila zote ni njema awakumbuke bibi hao.

Cory mwenyewe hakuwa malaika. Alilipwa na wakoloni, na maandishi yake kuhusu utemi na sheria za Wasukuma yaliisaidia serikali hiyo kutawala. Baadaye alishiriki kazi ya kuunganisha sheria za mila, iliyozaa tangazo la mwaka 1963. Sheria hizo zinamnyima mjane fungu la mirathi pale mumewe anapoacha ndugu wa ukoo, na wajane wamezilalamikia hadi miaka yetu hii. Waliokuwa wakikaa barazani kueleza sheria za ukoo walikuwa wazee wa kiume. Tunadhani hapo ndipo kosa lilipo: hata msikilizaji hodari huandika sauti za wale aliowauliza.

Cory alifariki mwaka 1962. Hati zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka mitatu baada ya kifo chake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes, uliwataka Wakristo wazifahamu mila za watu wanaoishi nao na kuzigundua mbegu za Neno zilizofichika humo. Mtu asiyetumwa na Kanisa alikuwa ameanza kazi ambayo sisi tumeagizwa kuifanya.

Yeye alisikiliza na kuandika. Sisi tunapaswa kwenda mbele zaidi, kwa maana Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Lakini hakuna awezaye kupima kitu kilichofunikwa kwa khanga. Yule mama alinyamaza kwa sababu aliijua hukumu yetu kabla hatujamsikia.

Likizo ijayo, Mungu akitujalia, tutarudi kwake. Tutamuuliza kwanza anaumwa nini, nani alimpa dawa, na imemsaidia au la. Tutamsihi aende hospitali, na tutajitolea kumsindikiza. Habari za kifurushi zitafuata, siku atakapotuamini.