Hoagy Carmichael: Mwanasheria Aliyeigiza Akiwa Kwenye Piano

Ukikaa vimbwetani jioni, mjadala huu haukosi: mtu asome kozi aliyopangiwa au afuate kipaji chake? Mimi nasoma ualimu, nina miaka 22, na kwa kweli nimechoka na mifano ya matajiri walioacha chuo. Leo nawaletea jamaa aliyemaliza chuo, tena sheria, halafu dunia ikamjua kwa nyimbo na kwa sura yake kwenye filamu.

Hoagland Carmichael, maarufu kama Hoagy, alizaliwa tarehe 22 Novemba 1899 mjini Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani. Nyumbani hali ilikuwa ngumu, na familia ilihamahama baba akitafuta kazi. Mama yake, Lida, alipiga piano kwenye kumbi za sinema enzi za filamu zisizo na sauti, na kwenye dansi za wanachuo. Mtoto akajifunzia hapo. Walipohamia Indianapolis, mpiga piano Mweusi aitwaye Reginald DuValle akamfundisha jazi. Kumbukeni jina hilo, maana mwalimu hakupata umaarufu alioupata mwanafunzi.

Mwaka 1918, kipindi cha ule ugonjwa mkubwa wa mafua, mdogo wake Joanne alifariki akiwa na miaka 3. Hoagy aliamini kwamba umaskini ndio uliomuua, kwa kuwa familia haikuwa na pesa ya matibabu mazuri. Aliapa kutokuwa maskini tena. Kwa hiyo mkisikia alisoma sheria, msidhani alikosa msimamo. Wangapi kati yetu tumechagua kozi kwa kuangalia nyumbani kukoje?

Alimaliza shahada Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1925, na ya sheria mwaka 1926. Lakini muziki haukumwachia. Akiwa chuoni alikuwa na bendi yake, na kijiwe chake kilikuwa mgahawa wa Book Nook, wenye piano. Rafiki yake mpiga tarumbeta Bix Beiderbecke na wenzake walirekodi wimbo wake mwaka 1924, Hoagy akiwa bado mwanafunzi. Baada ya kuhitimu alikwenda Florida kufanya kazi ofisi ya mawakili. Hakukaa sana. Tarehe 31 Oktoba 1927 alikuwa studio za Gennett, mjini Richmond, Indiana, akirekodi Stardust, wimbo uliokuja kurekodiwa upya na wanamuziki wengi kuliko karibu wimbo wowote wa zama zake. Mwaka 1930 ikaja Georgia on My Mind, maneno yakiwa ya Stuart Gorrell, rafiki yake wa tangu chuo. Marafiki wa chuo si wa kupuuza jamani!

Katikati ya miaka ya 1930 akahamia Hollywood kutunga nyimbo za filamu. Na hapo ndipo kamera ikamwona. Mwaka 1937 alipita tu kwenye filamu ya Topper kama mpiga piano. Mwaka 1944, kwenye To Have and Have Not, akawa Cricket, mpiga piano wa hotelini, njiti mdomoni, akimpigia Lauren Bacall, binti aliyekuwa akicheza filamu yake ya kwanza. Mwaka 1945 akawa dereva teksi kwenye Johnny Angel. Mwaka 1950 alicheza Young Man with a Horn, iliyotokana na riwaya iliyochochewa na maisha ya yule yule Bix, aliyekuwa amefariki mwaka 1931 akiwa na miaka 28. Yaani aliigiza rafiki wa mtu aliyefanana na rafiki yake marehemu. Mwaka 1952 akapata Oscar kwa muziki wa wimbo alioandika na Johnny Mercer. Mwaka 1961 hata katuni ya The Flintstones ilimchukua: sauti yake mwenyewe, akijiigiza mwenyewe.

Wapo watakaosema huyu hakuwa mwigizaji, alijirudia tu: kofia, piano, maneno machache. Sawa. Ila nendeni kwenye The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946. Hoagy ni Butch, mwenye baa. Mpwa wake Homer amerudi vitani bila mikono, ana kulabu za chuma. Aliyemwigiza Homer, Harold Russell, alipoteza mikono yote miwili kweli, kwenye ajali ya baruti jeshini. Butch hamhurumii kijana kwa maneno. Anamfundisha piano. Wanakaa pamoja, kulabu zinagonga vitufe, wimbo unatoka, na mjomba anapiga upande wake taratibu bila kumfunika.

Mimi mwanafunzi wa ualimu, pale ndipo nilipomwelewa. Tumejaza madesa kuhusu elimu jumuishi, tunayakariri ili tusipate sapu. Butch anaionyesha kwa dakika chache: mwanafunzi anaanzia na alichonacho, na mwalimu anakaa pembeni yake. Sidhani kama mwigizaji mzoefu asiyejua piano angeweza kukaa vile. Hoagy alifundishwa hivyo hivyo, na mama yake na DuValle, bega kwa bega. Alileta kwenye filamu kitu alichokijua.

Chuo chake hakikumsahau: mwaka 1972 kilimpa udaktari wa heshima wa muziki. Alifariki tarehe 27 Desemba 1981 huko California, akazikwa Bloomington.

Kwa hiyo wanaobishana kuhusu kozi na kipaji, endeleeni. Ila kabla hatujatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha, itafuteni hiyo filamu ya 1946. Ina karibu saa tatu, chajini kompyuta mapema. Halafu tukutane vimbwetani mniambie kama Butch angefaulu ukaguzi wa somo. Mimi nampa A.