Thomas Dewey, gavana aliyewakuta watu wa chama chake kwenye viwanja vya mbio za farasi

Thomas Edmund Dewey aliukosa urais wa Marekani mara mbili. Wengi wanamkumbuka kwa uchaguzi wa 1948, pale gazeti la Chicago Tribune lilipoandika kwa herufi kubwa kwamba ameshinda, kumbe Harry Truman ndiye aliyekuwa anabaki Ikulu. Lakini miaka mitano baada ya aibu ile, akiwa bado gavana wa jimbo la New York, alikabiliwa na swali ambalo halikuhusu urais hata kidogo: nani anawasimamia wale waliowekwa kusimamia mbio za farasi? Majibu aliyoyapata yalimrudisha ndani ya chama chake mwenyewe.

Dewey alizaliwa tarehe 24 Machi 1902 huko Owosso, mji mdogo wa jimbo la Michigan, ambako baba yake alikuwa na gazeti. Kijana huyo alikuwa na sauti nzuri, na kwa muda alifikiria kuishi kwa kuimba. Mwishowe alichagua sheria, akamaliza masomo kwenye chuo kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1925.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1935, wakati Gavana Herbert Lehman, mtu wa chama pinzani cha Democrat, alipomteua kuwa mwendesha mashtaka maalumu dhidi ya magenge ya wahalifu ya New York. Jambazi Dutch Schultz alipanga kumuua. Wakubwa wenzake waliona kwamba kumuua mwendesha mashtaka kungewaletea balaa kubwa zaidi, na Oktoba mwaka huo Schultz ndiye aliyepigwa risasi. Mwaka uliofuata Dewey alimfikisha mahakamani Lucky Luciano, bosi aliyeogopwa kuliko wote, na Luciano akahukumiwa kifungo cha miaka 30 hadi 50. Katika kesi ile, wakili aliyemtetea Luciano aliitwa George Morton Levy. Jina hilo litarudi.

Mwaka 1940 Levy na wenzake walifungua uwanja wa Roosevelt Raceway kwenye kisiwa cha Long Island, karibu na jiji la New York. Mbio zake hazikuwa zile ambazo mtu hukaa juu ya mgongo wa farasi. Hapa farasi hufungwa kwenye kigari chepesi cha magurudumu mawili, na dereva huketi nyuma akishika hatamu. Farasi lazima akimbie kwa mwendo wake wa hatua zilizopangika. Akianza kuruka mbio kwa nguvu zote, dereva anatakiwa amrudishe kwenye mwendo unaokubalika, huku wengine wakimpita.

Hapo ndipo kazi ya waamuzi inapokuwa ngumu. Dereva akivuta hatamu kidogo tu, farasi mzuri anachelewa, na aliye jukwaani anaweza kuamini kwamba mnyama amechoka. Ni jicho la mwamuzi peke yake linaloweza kutofautisha uchovu na hila. Na fedha zipo nyingi: watu wanaweka dau, dau zote zinaingia kwenye chungu kimoja, serikali ya jimbo inachukua sehemu yake, mwenye uwanja sehemu yake, kinachobaki wanagawana waliobahatisha. Kwa sababu hiyo jimbo liliweka tume ya kutoa leseni na kuangalia viwanja. Waamuzi na madereva nao walihitaji leseni ya shirika la nchi nzima, United States Trotting Association, lililoanzishwa na tajiri wa benki Roland Harriman.

Mwaka 1946 Roosevelt Raceway ulileta geti la kuanzia mbio lililofungwa juu ya gari: gari linatangulia, farasi wanalifuata kwa mstari mmoja, kisha mabawa yake yanakunjwa na mbio zinaanza. Kabla ya hapo mbio zilirudiwa kuanzishwa mara nyingi mpaka watazamaji wakachoka. Baada ya geti lile umati uliongezeka kila usiku chini ya taa, na thamani ya leseni moja ya uwanja ikapanda.

Dalili mbaya zilionekana mapema. Mwenyekiti wa tume alipomlalamikia Levy kuhusu wachezesha kamari haramu waliojaa uwanjani, Levy alimwendea Frank Costello, mmoja wa wakubwa wa magenge ya New York, ili awafukuze. Costello alilipwa dola 15,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Jambo hilo lilianikwa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Estes Kefauver mwaka 1951. Yaani tume ilitoa onyo, na aliyelitekeleza ni jambazi. Hata hivyo serikali ya Dewey haikufanya mageuzi makubwa wakati huo, na ni vigumu kumtetea kwa ukimya huo.

Alichelewa mpaka damu ilipomwagika. Mwishoni mwa Agosti 1953, Thomas Lewis, kiongozi wa sendika iliyokuwa na wafanyakazi kwenye uwanja wa Yonkers Raceway, aliuawa kwa risasi katika jengo alimoishi, mtaa wa Bronx. Wachunguzi walipoanza kufungua mafaili, waligundua kwamba ajira za uwanjani zilikuwa zimeshikwa na watu wa magenge. Dewey alitumia sheria ya 1907 inayompa gavana nguvu ya kuunda tume ya uchunguzi, na tume hiyo ikaita mashahidi hadharani.

Majina yaliyotoka yalimuumiza. Russel Sprague, mkubwa wa chama cha Republican katika wilaya ya Nassau na mmoja wa waliopanga kampeni zake za urais, alikuwa amepata faida kubwa kwa hisa za viwanja. Sprague aliacha uongozi wa wilaya mwaka huohuo. Arthur Wicks, kiongozi wa Seneti ya jimbo ambaye wakati huo alikuwa akikaimu nafasi ya naibu gavana, alijulikana kuwa alikwenda gerezani Sing Sing kumtembelea Joseph Fay, bosi wa sendika aliyefungwa kwa kutoza watu fedha kwa vitisho. Dewey alimtaka ajiuzulu. Wicks alikataa, wakavutana wiki nyingi, hadi akaachia uongozi wa Seneti mwezi Novemba.

Kisha Dewey aliigusa tume yenyewe. Madaraka yaliwekwa mikononi mwa kamishna mmoja, ili lawama isipotee kati ya watu kadhaa. Aliyemteua ni George Monaghan, aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji la New York, mtu asiyetokana na biashara ya farasi. Sheria ya 1954 ilikataza viongozi wa serikali na wa vyama kuwa na hisa katika viwanja vya mbio za vigari.

Wapinzani wake hawakukosa la kumrushia. Mwaka 1946 yeye mwenyewe alimpunguzia Luciano kifungo na kumruhusu arudishwe Italia, kwa maelezo kwamba alisaidia jeshi wakati wa vita. Uvumi juu ya uamuzi huo ulimfuata Dewey miaka yote.

Hakugombea tena mwaka 1954. Kiti chake kilichukuliwa na Averell Harriman wa Democrat, ndugu wa yule Roland wa shirika la mbio. Dewey alirudi kwenye uwakili na shamba lake la Pawling. Alifariki Florida tarehe 16 Machi 1971, akiwa na miaka 68. Roosevelt Raceway ulifungwa mwaka 1988. Yonkers Raceway ulibaki, na barabara kuu ya jimbo, iliyopewa jina la Dewey mwaka 1964, inapita kando yake.