Abebe Bikila: Mshindi wa marathoni aliyejua pia kushindwa

WAHENGA walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika historia ya michezo barani Afrika, ni wachache walioyaishi maneno hayo kama Abebe Bikila, askari wa Ethiopia aliyepanda hadi kilele cha dunia kwa miguu yake, kisha akapoteza uwezo wa miguu hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 36 tu.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 katika kijiji cha Jato, mkoani Shewa, akiwa mtoto wa mfugaji. Alipokuwa kijana alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie mjini Addis Ababa. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, kocha raia wa Sweden aliyekinoa kipaji chake.

Alipowasili Roma kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960, wachache mno nje ya nchi yake walilijua jina lake. Viatu alivyopewa vilimbana, hivyo aliamua kukimbia pekupeku, kama alivyozoea mazoezini. Jioni ya Septemba 10, katika barabara zilizomulikwa kwa mienge, aliwaacha washindani wake mmoja baada ya mwingine hadi akabaki na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Mwishoni alimwacha naye pia, akamaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni.

Ushindi huo ulikuwa na uzito wa pekee. Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935, na mnara wa mawe wa Axum, uliochukuliwa na wavamizi, ulikuwa bado umesimama mjini Roma siku ile Bikila alipopita. Haukurejeshwa Ethiopia hadi mwaka 2005. Hata hivyo, mtu huyo aliyeleta medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika nchi yake alirejea kambini kuendelea na utumishi wake wa kijeshi.

Aliijua pia ladha ya kushindwa. Mwaka 1963, katika mbio za Boston nchini Marekani, aliongoza kwa kitambo kirefu lakini akaishia nafasi ya tano. Hakuukimbia uwanja. Mwaka uliofuata, wiki zipatazo tano tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Oktoba 21, 1964 alishinda tena, safari hii akiwa na viatu, akimtangulia mshindi wa pili kwa zaidi ya dakika nne. Alikuwa mtu wa kwanza kutwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Kisha neema ikaanza kumpa kisogo. Mjini Mexico City, mwaka 1968, maumivu ya mguu yalimlazimisha kujitoa baada ya kilometa zipatazo 17. Dhahabu ilikwenda kwa Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde. Ni katika mbio hizo hizo ambapo Mtanzania John Stephen Akhwari, akiwa ameumia na kufungwa bandeji mguuni, aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Wolde.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa bado njiani. Usiku mmoja wa Machi 1969, gari alilokuwa akiendesha lilipinduka. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akatibiwa kwa miezi kadhaa. Mikono ilipata nguvu tena. Miguu haikutembea tena.

Nani angemlaumu kama angejifungia ndani na medali zake? Bikila hakufanya hivyo. Akiwa katika kiti cha magurudumu, alishika upinde na mishale, akashiriki mashindano ya watu wenye ulemavu nchini humo. Alicheza pia tenisi ya mezani. Bingwa wa dunia nzima alikubali kuwa mwanafunzi tena, katika michezo ambayo hakuna aliyemtarajia aweke rekodi.

Mwaka 1972 alialikwa Munich akiwa mgeni wa heshima. Watazamaji walisimama kumshangilia. Frank Shorter wa Marekani aliposhinda marathoni, Wolde akiwa wa tatu, bingwa huyo mpya alimwendea Bikila na kumpa mkono. Taji alilolitwaa mara mbili lilikuwa sasa mikononi mwa mwingine, naye alikuwapo kulishuhudia.

Bikila alifariki dunia Oktoba 25, 1973, akiwa na umri wa miaka 41, kwa matatizo yaliyotokana na ajali ile. Maelfu walifurika Addis Ababa kumsindikiza, Mfalme akiwa miongoni mwao.

Katika viwanja vyetu, ambako bao moja la dakika za mwisho hutosha kuwafanya mashabiki wang'oe viti, maisha ya askari huyu yangali na la kufundisha. Ushindi ulimkuta kazini, na kushindwa nako kukamkuta kazini. Medali zake zilipimwa kwa saa. Uungwana wake ulipimwa siku ambayo hakuweza tena kukimbia.